Kidevu Nilichokiinua Salamabila

Kwa majuma matano hivi niliiacha miwani yangu ibebe kosa lisilo lake. Ilikaa puani kwangu kila siku ikinionyesha misumari, mbao na nyuso za watu, na mimi nikaendelea kuisingizia. Ninaandika jinsi ilivyokuwa kwa sababu niliowadanganya ni watu wa damu yangu, na mmoja wao alikaribia kukosa mke.

Mimi ni seremala hapa Kasongo, mtoto wa kwanza katika watoto watatu. Baba alikufa kwanza, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Dada yangu alikuwa na miaka minane. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, na kwa kuwa mgongo wa mama haukuwepo tena, alibebwa kwenye wangu. Niliacha shule nikaenda kwa seremala mmoja mzee, nikaanza kwa kuzoa maranda, baadaye nikapewa msumeno. Sikurudi tena darasani. Nilijiambia kwamba shule yangu nimewaachia wale wawili, waisome kwa niaba yangu. Dada aliisoma, leo ni muuguzi. Mdogo wetu aliisoma mpaka ukabaki mwaka mmoja apate diploma, kisha akapanda pikipiki akaenda Salamabila kwenye dhahabu. Sikumpiga wala sikumfukuza. Nilimwambia tu, "Haya, nenda," na nikarudi kupiga randa.

Dada ndiye aliyegundua habari ya macho. Jumapili moja kanisani aliniona nimekisogeza mbali kitabu cha nyimbo mpaka kinakaribia kugusa mgongo wa mtu wa mbele.

"Yaya," aliniambia tulipotoka, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya na baba ni papa, "wewe unaimba ama unamupimia yule papa koti?"

Nilimjibu kwamba maandishi ya siku hizi yamekuwa madogo. Akanionyesha mtu aliyekuwa anakuja ng'ambo ya barabara na kuniuliza ni nani. Nikasema ni katekista. Alikuwa mwanamke mwenye furushi kichwani. Basi dada hakuniacha tena. Alinipeleka Kindu kwa fundi wa miwani anayefahamiana naye, nikapimwa, na baada ya muda miwani ikafika ndani ya kasha gumu la rangi ya kahawia.

Fundi alikuwa amenieleza, na nilimwelewa kwa kichwa, si kwa mwili. Hii ni progresifu, alisema, ni kioo kimoja chenye kazi tatu. Juu unaonea mbali, katikati unaonea meza, chini kabisa unasomea. Haina mstari wa kukuonyesha mpaka. Macho yako yatajifunza yenyewe. Ukitaka kusoma, inua kidevu kidogo, shusha macho. Ukitaka kumwangalia mtu, weka kichwa sawa. Ukitembea, inamisha kichwa uone unapokanyaga, usitupe macho tu. "Na ukitaka kuangalia kando," alisema, "geuza pua yote. Pembeni hakuna kitu."

Juma la kwanza nilifikiri nimenunuliwa ugonjwa. Ardhi ilipanda na kushuka kama iko juu ya maji. Kizingiti cha nyumba yangu mwenyewe, nilichokichonga kwa mikono yangu, nilikikosa mara mbili. Nikigeuza macho bila kugeuza kichwa, ukuta ulijikunja na mtu aliyesimama kando akawa mnene, kisha mwembamba, kisha mnene tena. Saa ya chakula cha mchana kichwa kilikuwa kinanigonga.

Kazini ilikuwa mbaya zaidi. Sisi maseremala tunainua ubao, tunafumba jicho moja, tunaangalia ukingo wake kutoka huku mpaka kule ili kujua kama umenyooka. Nimefanya hivyo tangu ujana na jicho langu halikuwahi kunidanganya. Siku moja nilikuwa nachonga mlango wa mwalimu mmoja. Nikainua ubao, nikauona umebinuka katikati. Nikapiga randa. Nikauangalia tena, bado umebinuka. Nikapiga tena. Nilifanya hivyo mpaka maranda yakanifika kwenye vifundo vya miguu. Nilipovua miwani kufuta jasho, nikaona ubao una shimo katikati kama mgongo wa punda mzee. Ulikuwa umenyooka tangu mwanzo. Kioo ndicho kilichoupinda, kwa sababu nilikuwa nauangalia kwa pembeni. Nilificha ule ubao nyuma ya karakana kabla mtu yeyote hajauona, nikaanza mwingine kimya kimya.

Mahali pa pekee nilipocheka ni kwenye dama. Jioni jua likipoa huwa nacheza na wazee wawili watatu karibu na karakana, kwenye ubao nilioutengeneza mimi, kwa vifuniko vya chupa. Ubao uko chini, kati ya magoti. Ili kuziona kete vizuri nililazimika kuinua kidevu na kuziangalia kupitia chini ya kioo, na wenzangu wakapata la kusema, wakanifanya gavana.

"Guverneri amefika! Mumupe kiti chenye mikono."

"Guverneri, kete yako iko huku chini, si kule mbinguni."

"Mwacheni, anaangalia nchi yake. Sisi ni raia tu."

Nikawafunga michezo miwili mfululizo, maana sasa nilikuwa naziona kete zote. Mmoja wao akasema, "Aka! Kumbe serikali inakula watu na pua juu." Tulicheka mpaka vifuniko vikatawanyika.

Baada ya mwezi hivi, ilitulia. Siwezi kusema ni siku gani. Niligundua tu jioni moja kwamba tangu asubuhi nilikuwa sijaifikiria miwani. Ardhi ilikuwa imekaa mahali pake. Pua yangu ilikuwa imejifunza kugeuka yenyewe. Niliona mishipa ya mti kwenye ubao niliokuwa naushika, kisha nikainua kichwa nikaona kilima, vyote kwa kioo kimoja. Nilimwona pia dada yangu vizuri, nikashangaa kwamba ana mvi.

Lakini jina la Guverneri lilibaki, na hapa ndipo aibu yangu inapoanza. Nililipenda. Niliona kwamba mtu mwenye miwani nzuri akiinua kidevu, watu wanabadilika. Nilikwenda ofisi fulani na karatasi ya kibali cha mbao, nikaisoma pale mbele ya kijana wa mezani, kidevu juu. Yule kijana akasimama akaniita mkurugenzi. Mimi, wa mwaka wa pili wa sekondari! Sikumsahihisha. Siku nyingine nilikuwa naweka kioo kwenye kabati la mteja, nikajiona ndani yake, nikajaribu: kidevu juu kidogo, juu zaidi, kichwa nyuma. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kioo kilivyohitaji. Nikaanza kuinua kidevu hata pasipo na kitu cha kusoma.

Hapo ndipo mdogo wangu alipopiga simu kutoka Salamabila. Amepata mchumba. Anataka mimi, niliyemlea, niende kumwombea mke.

Baba wa yule msichana alikuwa mtu wa Kivu. Alikuja Salamabila zamani kuchimba, akaingia mashimoni miaka mingi, kisha akaacha na kufungua duka la sururu, makoleo, buti na taa. Walikuwa wanasali katika kanisa moja la ngoma na vipaza sauti. Sisi ni watu wa kanisa la zamani, babu zetu walilima hapa. Nikimwambia msomaji kwamba sikuwa na kitu moyoni dhidi ya watu wale kabla sijawaona, nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo. Nilikuwa nacho. Kila mwenye shimo, kila mwenye duka la sururu, nilimwona ni mtu aliyekula ule mwaka mmoja wa shule wa mdogo wangu.

Nilikwenda na mjomba, kaka wa mama yetu, ambaye angekuwa msemaji. Tulipanda pikipiki mbili. Kwenye madaraja ya magogo tulishuka tukavuka kwa miguu, na mjomba, ambaye amenizidi miaka ishirini, alinishika mkono akisema, "Inamisha kichwa, mutoto, angalia mahali unakanyaga." Niliinamisha kichwa, nikaona magogo yote, kila ufa. Nilivuka salama. Nataka jambo hili lieleweke: siku ile nilikuwa najua kabisa kutumia miwani yangu.

Kwetu anayekwenda kuomba mke hukaa chini kuliko anayeombwa. Akipewa kiti kirefu, hukikataa kwanza. Macho yake hukaa kwenye mkeka, na mwenye nyumba akisema neno zito, mwombaji huinamisha kichwa kuonyesha kwamba limemfika. Mazungumzo yakichukua hata saa nzima, huinui macho juu ya magoti ya mwenye binti mpaka akuambie karibu.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, imeezekwa mabati, na duka liko mbele. Niliangalia maungio ya milango nikayaona yamefanywa ovyo. Baba wa msichana alikuwa mtu mpana, miguu imevimba, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Mkewe alikuwa mwembamba mwenye macho makali. Mdogo wangu alikaa karibu na mlango, shati jipya, mikono katikati ya magoti, macho kwenye mkeka. Nilimfundisha mwenyewe kukaa hivyo.

Mjomba alisema maneno yetu vizuri. Kisha yule baba akaanza kujieleza, kama inavyotakiwa, ili tujue tunaomba katika nyumba ya nani. Akasema alivyofika na koleo moja, alivyosimama shimoni maji yakimfika kifuani, alivyomzika mwenzake aliyefunikwa na udongo. Alisema bila kujisifu. Akasema, "Ndani ya lile shimo ndimo mutoto munayemuomba ametoka. Shule yake, nguo yake, yote."

Aliposema shule, niliinua kidevu.

Fundi alikwisha kuniambia: ukitaka kumwangalia mtu, weka kichwa sawa. Nilijua kwamba nikiinua kidevu mbele ya mtu aliye ng'ambo ya chumba, nitamwangalia kupitia kioo cha kusomea, na atapotea. Na kweli alipotea. Uso wake ukawa ukungu, mdomo ukawa doa jeusi linalochezacheza. Nikakaa hivyo. Nikaona ni vizuri hivyo. Aliendelea na habari za mwenzake aliyekufa, na mimi nilikuwa nasikiliza ukungu.

Aliyemkatiza alikuwa mkewe. "Papa, huyu mugeni wetu anatafuta nini ku mabati? Kama ni matundu, tumwambie mahali yanavujia, asijichokeshe."

Mjomba alinigusa goti. Nilishusha kidevu, lakini polepole, kama mtu anayemaliza kwanza kazi yake.

Binti mmoja alikuwa ameingia na beseni na birika la maji ya kunawa mikono. Yule baba alinyoosha mkono akamzuia. "Rudisha," alisema. Yule binti akasimama, hakuelewa. "Rudisha maji." Akageuka akatoka nayo, na mlio wa birika likigonga beseni nausikia hata leo.

"Mutoto wenu ni mutu muzuri," alimwambia mjomba, si mimi. "Nimemuona miaka mitatu. Lakini siwezi kumpeleka binti yangu ndani ya nyumba yenye watu wanatuangalia na pua. Mutaniwia radhi."

Mjomba aliomba, akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Mzee wa miaka ile! Mimi nilikaa nimenyooka.

Nje, nyuma ya pikipiki, mdogo wangu alinishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa kwenye miwani yangu. "Yaya, ni lineti, sivyo? Dada aliniambia inakusumbua, unaanguka, unainua kichwa kama mutu anameza dawa. Sema ni lineti."

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa ameniwekea jibu mkononi tayari, limefungwa vizuri, na mimi nikalipokea.

"Ni miwani," nilisema.

Alicheka na machozi yakamtoka. "Nilijua! Nilijua yaya wangu hawezi." Kisha akasema tusiondoke, akarudi ndani mbio kueleza. Hawakumpokea siku ile, lakini alirudi kesho yake na siku zilizofuata. Tulirudi Kasongo, mimi na mjomba. Mjomba aliniangalia njia nzima. Nafikiri alijua, ila yeye si mtu wa kukuvua nguo barabarani.

Nilidhani uongo ule utabaki Salamabila. Ulifika nyumbani kabla yangu, kwa simu. Dada alinipokea akilia. "Kosa ni yangu, yaya. Mimi ndiye nilikulazimisha. Ulisema kichwa kinakuuma, mimi nikasema zoea." Alitaka niivue, airudishe Kindu. Alimwandikia fundi ujumbe mkali, kwamba amempa kaka yake kioo kibaya, na sasa ndoa ya mdogo wao imeharibika kwa ajili yake. Fundi alijibu siku hiyo hiyo. Dada alinisomea tukiwa karakana, mimi nikiwa nimeshika nyundo.

"Anasema: kwa kumwangalia mtu aliyeketi mbele, kichwa kinakaa sawa. Kidevu kinainuka wakati wa kusoma tu. Akiinua, hataona." Akashusha simu. "Yaya, sasa wewe ulikuwa unafanyaje?"

"Nilisahau," nilisema, nikapiga msumari. Ulipinda.

Akamwandikia tena fundi kwamba wazee wanasahau, na angepaswa kunielekeza vizuri zaidi. Mtu yule alijibu kwa upole kwamba anaomba radhi. Fundi aliyenipa macho alikuwa ananiomba mimi radhi. Usiku ule sikula, nikasema tumbo linanisumbua, na dada akaniletea dawa ya tumbo. Nikainywa.

Majuma yalipita. Sikwenda tena kucheza dama. Mwisho mdogo wangu akapiga simu, sauti imefunguka: wamekubali kutupokea tena. Amewaeleza mpaka wakachoka. "Mama yake amecheka, yaya! Anasema pole sana, hakujua. Anasema atakupikia kuku mwenyewe."

Safari ya pili niliiona ndefu kuliko ya kwanza. Tulipopumzika Lusangi kunywa chai, mjomba alipuliza kikombe chake na kusema, bila kuniangalia, "Ukifika kule, macho yako yakae mahali yanatakiwa." Hakusema zaidi.

Tulipoingia, yule mama alinipokea kwa mikono miwili. "Mukwe, karibu. Siku ile nilikutukana juu ya mabati. Unisamehe, mimi mdomo wangu hauna mlango." Watu wakacheka. Mdogo wangu alicheka kuliko wote. Nilikaa kwenye kibao kifupi, macho kwenye mkeka, na masikio yalikuwa yananiwaka.

Baba wa msichana alitoka chumbani akaketi kwenye kiti chake kile kile. Niliposikia kiti kimetulia nikainua macho mpaka magotini mwake. Juu ya goti moja alikuwa ameweka kasha la miwani. Alilifungua, akaivaa, bila haraka. Haikuwa na mstari. Nilijua ni ya namna gani kabla hajasema.

"Mukwe," alisema, "kijana wetu amenieleza. Mimi pia navaa hizi, huu ni mwaka wa tatu. Siku ile nilivua. Kwetu mutu akija kukuomba mutoto, unamuangalia kwanza na macho yako mwenyewe, hata kama hayaoni vizuri. Ni heshima." Akaisogeza miwani puani. "Sasa ningependa unifundishe. Mimi nikiinua kidevu hivi," na akakiinua, kidevu chake kipana chenye ndevu nyeupe, "nikiangalia mutu amekaa pale ulipo, naona moshi tu. Wewe unaona nini?"

Mkewe alicheka akidhani ni utani wa wenye miwani. Mdogo wangu alinigeukia akiwa bado anatabasamu, akisubiri nijibu kitu cha kuchekesha.

Nilikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni. Ningesema fundi alikosea kipimo. Ningesema yangu ni ya aina nyingine. Yule mzee asingenibishia. Angeshusha kidevu, angesema sawa, ndoa ingepita, na fundi wa Kindu angelaumiwa mara ya tatu. Nilimwangalia usoni, kichwa sawa, na kwa mara ya kwanza nikamwona. Alikuwa na kovu juu ya jicho. Macho yake yalikuwa yamechoka, hayakuwa na hasira.

"Naona moshi, papa," nilisema. "Kama wewe."

"Eh. Basi uliinua kwa nini?"

"Nilikuwa sitaki kukuona."

Hakuna aliyecheka tena. Nikasema yote, kwa maneno machache, maana sikuwa na mengi. Kwamba niliacha shule ili hawa wawili wasome. Kwamba mdogo wangu aliacha ikiwa imebaki kidogo, akaja hapa. Kwamba niliposikia neno shule likitoka kwa mtu wa mashimo, roho yangu ilipanda, nikamdharau katika nyumba yake mwenyewe, mbele ya mkewe, na baadaye nikaacha kioo kilaumiwe. Sikumwangalia mdogo wangu nilipokuwa nasema. Niliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, kama mjomba alivyokuwa amefanya kwa ajili yangu.

Yule mzee alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Mimi umenitukana siku moja," alisema. "Nimetukanwa na wakubwa kuliko wewe, kwenye njia ya kuja huku. Lakini huyu," na akaelekeza mkono mlangoni, "huyu umemwangalia hivyo miaka mingapi?"

Nilirudisha macho kwenye mkeka.

"Binti yangu anaolewa na huyu," mzee akasema, sauti ya mtu anayefunga duka. "Haolewi na wewe. Mama, leta chakula."

Tulikula. Kuku alikuwa mtamu, na mimi nilimeza kama mtu anayemeza maranda. Yule mama hakunitania tena siku ile. Aliniwekea nyama nzuri sahanini, na wema wake ulinichoma kuliko maneno ya mabati.

Mdogo wangu alitusindikiza mpaka mahali pikipiki zinaposimama. Mjomba alitangulia makusudi. Tulisimama wawili, na magari ya mizigo yakapita.

"Ungeniambia tu," alisema.

"Nilikuambia. Nilikuambia urudi shule."

"Uliniambia shule. Hukuniambia kama ninakuaibisha." Alikuwa anaangalia barabara, si mimi. "Mimi nilirudi kwao kila siku, yaya. Kila siku. Nikawaapia. Nilimuapia yule papa kwa kaburi ya mama kwamba wewe huna kiburi."

Sikuwa najua habari ya kiapo. Nilitaka kumshika bega, lakini mkono haukuinuka. Nilimwambia nisamehe. Alisema, "Safiri salama," kama unavyomwambia abiria.

Dada nilimweleza mwenyewe siku niliyofika, nikiwa nimesimama, kabla sijavua viatu. Hakulia. Alichukua simu akamwandikia fundi, na alipomaliza alinipa niongeze neno langu. Niliinua kidevu ili nizione herufi, nikaandika kwamba miwani ni nzuri, haikuwa na kosa, kosa lilikuwa la mvaaji. Ilinichukua muda, vidole vyangu ni vizito.

Harusi ilifanyika Salamabila, katika kanisa lao la ngoma. Mdogo wangu alimwomba mjomba akae mahali pa baba. Alinipigia simu mwenyewe kunijulisha, kwa adabu, na nikamwambia ni sawa, mjomba anastahili. Nilikata simu, nikakaa juu ya rundo la mbao muda mrefu. Nilikuwa nimemlea ili siku ile niketi pale.

Siku ya harusi nilikuwa nyuma, pamoja na wanaume wa jikoni na wa viti. Benchi moja la kukodi lilikuwa limelegea mguu, na wageni walikuwa bado wanaingia. Nililigeuza juu chini nje ya ukuta, nikatafuta jiwe la kugongea na misumari mfukoni. Ngoma zilikuwa zinapigwa ndani. Niliona viatu vipya vyeusi vimesimama karibu yangu kwenye vumbi, kisha bwana harusi akachuchumaa, suti na yote, akaushika ule mguu wa benchi ili usicheze.

"Wanakutafuta ndani," nilisema.

"Wangoje." Aliushika kwa nguvu. "Piga."

Nikapiga wa kwanza.

"Iko sawa?"

"Bado," nilisema. "Shikilia hapo hapo."

Akashikilia.